Programu ya Kurekodia Nyumbani: Tuchague Itakayouacha Wimbo Hai

Katika miji ya pwani yetu ya kaskazini, kuanzia Moa na Tanga hadi Pangani, si ajabu siku hizi kukuta studio ya muziki ndani ya chumba cha kulala. Kompyuta moja, maikrofoni moja, kadi ya sauti ya nje, spika za masikioni, na godoro lililoegemezwa ukutani ili kupunguza mwangwi: vyombo hivyo vyatosha kurekodi wimbo. Swali la kwanza la kila anayeanza ni hili: nitumie programu gani? Jibu analopewa, mara nyingi, ni jina la programu inayotumiwa na mtayarishaji fulani mashuhuri wa Dar es Salaam. Kisha programu yenyewe hunakiliwa kwa flashi kutoka kwa rafiki, bila malipo na bila maelezo.

Swali hilo ni la haki, lakini kipimo kinachotumika kulijibu ni kibovu. Programu haifai kupimwa kwa umashuhuri wa anayeitumia. Yafaa ipimwe kwa mambo matatu: kama inawanasa watu wanaopiga muziki kwa pamoja, kama inaheshimu sauti na mapigo ya muziki wetu badala ya kuyanyoosha, na kama wimbo utaweza kufunguliwa siku ambayo programu yenyewe haitakuwapo tena. Jambo hili la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo lisilozungumzwa.

Funzo la historia ya Tanga

Tanga ni mji mkongwe katika muziki. Katika miaka ya 1960 na 1970 palikuwa na Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Amboni Jazz kwa upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu. Kutoka Jamhuri Jazz walitoka ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, ambao baadaye waliunda Simba Wanyika huko Kenya. Kutoka vikundi vya taarabu alitoka Bi. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Vikundi hivyo vya Tanga ndivyo vilivyoipa taarabu sura mpya kwa kutumia gitaa na besi ya umeme, bila kutegemea kundi kubwa la ala kama lile la Unguja.

Lakini mitambo ya kurekodia haikuwa Tanga. Mwanamuziki aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alisafiri kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, au alivuka mpaka kwenda Kenya, ambako ndiko santuri zilikopigwa chapa. Mapema zaidi, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili kurekodi. Katika zama zote hizo mwenye mtambo ndiye aliyeshika ufunguo wa wimbo.

Hata hivyo, santuri na utepe vilikuwa na fadhila moja kubwa. Santuri ya Tanga ilichezwa na gramafoni yoyote duniani, na aliyeicheza hakuhitaji ruhusa ya aliyeitengeneza. Ndiyo maana mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London iliweza kuzitoa upya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika sahani iitwayo Nyota, miaka mingi baada ya kurekodiwa kwake. Je, nyimbo zinazorekodiwa leo Ngamiani na Chumbageni zitaweza kutolewa upya baada ya miaka arobaini? Jibu linategemea sana uamuzi unaofanywa siku ya kwanza, programu inapochaguliwa.

Sauti inavyogeuzwa tarakimu

Yafaa kwanza tuelewe kazi ya programu hizi. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na kadi ya sauti huupima umeme huo mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kama tarakimu. Sikio la binadamu husikia mitikisiko hadi kama 20,000 kwa sekunde. Kanuni ya hisabati hutaka vipimo vizidi mara mbili ya idadi hiyo, na ndiyo sababu sahani za CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Studio nyingi hutumia 48,000, na kila kipimo huandikwa kwa biti 24, yaani kinaweza kuchukua ngazi zaidi ya milioni 16.

Hapa pana ukweli ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Tarakimu hizo hutoka katika kadi ya sauti, si katika programu. Programu yoyote iliyotengenezwa sawasawa huzihifadhi zilezile bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo madai kwamba programu fulani ina sauti nzuri kuliko nyingine, kwa upande wa kurekodi, hayana msingi. Uzuri wa sauti hutokana na mpigaji, chumba na maikrofoni, tena kwa utaratibu huo. Kijana mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi akizitumia kwa maikrofoni na mapazia mazito kuliko kwa programu ya gharama.

Kipimo cha kwanza: watu wanaopiga pamoja

Muziki wa pwani ni muziki wa kundi. Fidla, akodiani, gitaa, dumbaki na waitikiaji husikilizana na kufuatana. Programu ya kazi hiyo ni ile inayonasa njia nyingi za sauti kwa wakati mmoja na kuziweka wazi mbele ya macho ili zichanganywe baadaye.

FL Studio, iliyoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ilibuniwa kwa ajili ya kupanga ngoma za mashine hatua kwa hatua. Kwa kutengeneza biti ni chombo chepesi na cha kusifika, na anayeinunua hupewa matoleo mapya maisha yake yote bila malipo ya ziada. Inaweza pia kunasa sauti, ila mpangilio wake hauelekei huko. REAPER na Ardour zilijengwa kwa mfano wa mashine ya utepe yenye njia nyingi, na mtu anayerekodi kundi atajiona yuko nyumbani. Audacity, iliyotolewa bure tangu mwaka 2000, ni rahisi mno kujifunza; yafaa kwa kurekodi mashairi, mahojiano, au kundi zima kwa maikrofoni mbili zilizowekwa mahali palipochaguliwa kwa uangalifu.

Liko pia suala la ucheleweshaji. Kompyuta hukusanya vipimo kwa mafungu kabla ya kuvishughulikia. Fungu la vipimo 1,024, kwa kasi ya 48,000, huchukua milisekunde 21 hivi. Katika hewa ya joto la pwani sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Basi huo ni sawa na mwimbaji kumsikiliza mpiga dumbaki aliye umbali wa mita saba, na kwa kuwa fungu huhesabiwa sauti inapoingia na tena inapotoka, umbali huo huongezeka mara mbili. Fungu likipunguzwa hadi 256, ucheleweshaji hushuka hadi robo yake. Kompyuta dhaifu haiwezi kufanya hivyo ikiwa imebebeshwa programu nzito. Kwa hiyo programu nyepesi katika kompyuta ya zamani ni bora kuliko programu mashuhuri inayokwamakwama.

Kipimo cha pili: sauti na mapigo yetu

Programu nyingi hufunguka zikiwa zimepangiwa mapigo manne katika kila kipimo, na oktava iliyogawanywa sehemu 12 zilizo sawa. Mpangilio huo ni desturi ya muziki wa Ulaya; kuna desturi nyingine pia. Chakacha hutembea kwa mapigo sita. Mwimbaji wa taarabu huteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na mpiga fidla hukaa kwa makusudi katikati ya sauti mbili za kinanda.

Mwaka 1997 Andy Hildebrand, mhandisi wa Marekani aliyekuwa amefanya kazi ya kuchanganua mawimbi ya ardhini katika utafutaji wa mafuta, alitoa programu ya Auto-Tune inayosogeza sauti ya mwimbaji hadi ilingane na sehemu hizo 12. Ni hisabati ya kuvutia, na msanii anayeitumia kwa kujua anafanya sanaa. Hatari ipo pale inapowashwa kwa mazoea. Hapo kile kilichomfanya mwimbaji wa Pangani atambulike huhesabiwa kuwa kosa na kusahihishwa. Kabla ya kuchagua programu, mtu na ajaribu mambo mawili: kuondoa mstari wa mapigo kabisa na kurekodi kwa uhuru, na kuweka kipimo cha mapigo sita. Programu isiyoyafanya hayo kwa urahisi haimfai.

Kipimo cha tatu: wimbo utakaofunguka kesho

Mtu anaporekodi, programu huhifadhi vitu viwili. Kwanza ni faili za sauti zenyewe, kwa kawaida za aina ya WAV, ambazo karibu kompyuta yoyote huzifungua. Pili ni faili ya mradi, yenye maelezo ya wapi kila sauti ianze, iwe na nguvu kiasi gani, na ipitishwe katika vikorombwezo gani. Faili ya mradi ndiyo yenye kufuli, kwa kuwa kila kampuni ina namna yake ya kuiandika.

Na kampuni hufa. Mwaka 1998 kampuni ya Gibson iliinunua Opcode, iliyokuwa ikitengeneza Studio Vision, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikasimama. Novemba 2017 Gibson hiyo hiyo ilitangaza kuacha kuiendeleza Cakewalk, programu iliyokuwa na watumiaji wengi duniani. Februari 2018 ikaokolewa na BandLab ya Singapore. Waliokuwa na kazi zao humo hawakushauriwa katika lolote.

Kwa kipimo hiki programu hazilingani. Faili ya mradi ya REAPER imeandikwa kwa maneno ya kawaida yanayosomeka. Msimbo wa Ardour na wa Audacity uko wazi kwa umma, hata waanzilishi wakiondoka wengine wanaweza kuendelea. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus zilitoa mfumo wa pamoja uitwao DAWproject ili miradi ihamishike kutoka programu moja hadi nyingine. Logic ni bora sana, lakini tangu Apple ilipoichukua mwaka 2002 imefungwa ndani ya kompyuta za kampuni hiyo.

Nakala ya wizi ndiyo mbaya kuliko zote. Mara nyingi hubeba virusi, haipati marekebisho, na huweza kukataa kufunguka kompyuta inapobadilishwa. Tena kuna jambo la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo na mtunzi wa programu kwa pamoja. Hatuwezi kulalamika kwamba nyimbo zetu zinanakiliwa mitaani huku tukizirekodi kwa chombo tulichokinakili.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba kijana hujifunza kwa jirani yake, na jirani anatumia FL Studio. Akichagua nyingine atabaki bila mwalimu. Hoja hii ina uzito. Maarifa ya jirani ni mali, na anayetengeneza biti peke yake asihangaike kuhama. Lakini naye atimize sharti moja: ainunue kwa halali, na kila kazi inapokamilika atoe kila njia ya sauti kama faili ya WAV inayoanzia mwanzo wa wimbo. Faili hizo zikipangwa pamoja katika programu yoyote, wimbo husimama tena.

Kazi hiyo haihitaji nafasi kubwa. Njia moja kwa vipimo 48,000 na biti 24 huchukua megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye njia nane ni kama megabaiti 346. Flashi ya kawaida hubeba nyimbo nyingi za namna hiyo. Ziwekwe nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba, kwani chumvi ya hewa yetu ya bahari haina huruma na vifaa vya umeme.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Anayeanza bila fedha aanze na Audacity, na kundi linapokua ahamie Ardour. Mwenye uwezo wa dola 60 za Marekani, ambayo ndiyo bei ya REAPER kwa mtu binafsi, ainunue, kwani inaenda hata katika kompyuta dhaifu na haihitaji intaneti wakati wa kazi. Mwenye simu pekee atumie BandLab kujifunzia, lakini asiifanye ghala lake. Nazo taasisi zetu za mafunzo, kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na vituo vya vijana vya Tanga, zingefanya jambo la maana kufundisha programu zilizo wazi, ili maarifa ya jirani yawe ya chombo ambacho kila mtu anaweza kukimiliki kwa halali.

Wazee wetu walisafiri mbali kuutafuta mtambo. Sasa mtambo umekuja Tanga, umekaa juu ya meza. Ingekuwa aibu kama wajukuu wao wangerekodi nyumbani, kisha wakauacha ufunguo wa wimbo mikononi mwa kampuni ya ng'ambo.