Neno la Mhariri: Karibi kama Mwalimu wa Afrika

Maandishi mengi kuhusu uhusiano wa muziki wa Afrika na ule wa Karibi huishia kwenye habari ya asili, kana kwamba Afrika ilitoa midundo yake enzi za biashara ya utumwa kisha ikanyamaza, huku visiwa vikiendelea kubuni rumba, kalipso na salsa. Toleo hili linaupinga mtazamo huo, na kielelezo chake kikuu ni Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin aliyezaliwa mwaka 1960 huko Ouidah, mji uliokuwa miongoni mwa bandari kuu za kusafirishia watumwa kwenda Amerika.

Baada ya albamu ya Oyaya! ya mwaka 2004, iliyojengwa juu ya mitindo ya Karibi, Kidjo alitoa Celia mwaka 2019, ambamo aliziimba upya nyimbo za Celia Cruz, malkia wa salsa kutoka Havana. Humo husikika dramu za Tony Allen, Mnigeria aliyeasisi mtindo wa afrobiti pamoja na Fela Kuti, na tarumbeta za Gangbé Brass Band ya Benin. Wimbo kama “Elegua” unabeba jina la mmoja wa orisha, yaani miungu ya Wayoruba, ambao ibada yao ilihifadhiwa Cuba katika dini iitwayo Santeria. Kidjo hadai kuikomboa mali ya Afrika, bali anamwimba Cruz kama mwanafunzi amwimbavyo mwalimu wake, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake.

Uanafunzi huo haukuanza naye. Tangu mwaka 1933 santuri za Cuba za mfululizo wa GV ziliuzwa barani Afrika, zikiwa na klave, yaani mapigo matano ya vijiti viwili vya mbao yanayoongoza wimbo mzima. Wanamuziki wa Kongo wakazisikiliza na kuunda rumba yao, na mjini Morogoro Salum Abdallah akaongoza bendi iliyojiita Cuban Marimba, akiimba kwa Kiswahili. Wapo wanaouita muziki wake uigaji. Hao wana wajibu wa kueleza kwa nini Celia Cruz, aliyerekodi nyimbo za ibada za Kiyoruba akiwa Havana, huitwa mrithi, ilhali Salum Abdallah, aliyeupokea mdundo wa Cuba akiwa Morogoro, huitwa mwigaji.