Bomba la gesi: Tathmini itangulie jiwe la msingi

Mwezi Novemba 2023, serikali za Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika mradi wa bomba la kuleta gesi asilia kutoka Tanzania hadi hapa kwetu. Habari hiyo haikuvuma sana. Ilifunikwa na makelele ya bomba jingine, lile la mafuta ghafi linalotoka Kabaale wilayani Hoima kwenda Chongoleani, Tanga. Mimi naona hili la gesi ndilo la kuzungumzwa mapema, kabla mkulima yeyote hajaamka na kukuta kigingi katikati ya migomba yake.

Niseme wazi tangu mwanzo ili nisieleweke vibaya. Sipingi gesi. Kampala inapika kwa makaa, na makaa hayo ni misitu ya nchi hii inayoingia mjini kila siku juu ya malori. Viwanda vyetu vinahitaji nishati ya kutegemewa, na chuma chetu kimelala ardhini kikisubiri moto wa kukiyeyusha. Gesi ikifika kwa bei nafuu, mama wa Bwaise na Katwe atashukuru. Lakini tukumbuke kuwa sisi wa mjini ndio tutakaopika, na anayetoa njia ya bomba ni mtu wa kijijini. Faida ya mmoja isijengwe juu ya hasara ya mwenzake asiyeulizwa.

Kazi ya kumuuliza huyo wa kijijini ndiyo inayoitwa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inadai mradi mkubwa wa namna hii ufanyiwe tathmini na kupata cheti cha NEMA kabla ya kuanza. Watu wengi hudhani tathmini ni kitabu kinene cha wataalamu kinachohesabu ndege, vyura na miti. Hilo ni sehemu tu. Tathmini ya kweli inauliza maswali ya kawaida kabisa: bomba lipite wapi, nani atahama, atalipwa nini na lini, chemchemi gani itaguswa, na likivuja nani atakuja, kwa muda gani. Tena inauliza swali ambalo wakubwa hawalipendi: je, kuna njia nyingine ya kufikia lengo hilohilo?

Sasa tutazame bomba la mafuta lilivyokwenda, maana ndilo shule yetu. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, kati ya hizo 296 ziko Uganda, zikipita wilaya kumi kuanzia Hoima na Kikuube hadi Rakai na Kyotera. Uamuzi wa kuipa Tanga njia hiyo, badala ya kupitia Kenya, ulitangazwa Aprili 2016. Mkataba wa serikali mbili ulitiwa saini Mei 2017. Agosti 2017, Rais Museveni na hayati Rais Magufuli waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Mikutano ya hadhara ya kusikiliza maoni ya wananchi wa Uganda juu ya tathmini ilifanyika Oktoba 2019, na cheti cha NEMA kikatolewa Desemba 2020.

Msomaji, hebu zipange tarehe hizo upya. Jiwe la msingi lilitangulia mikutano ya wananchi kwa zaidi ya miaka miwili. Mtu wa Kyotera alipopewa kipaza sauti mwaka 2019, lililokuwa limebaki kuulizwa ni namna ya kupita kwake tu. Swali la kama bomba lipite kwake lilikuwa limekwisha jibiwa na watu wengine, mahali pengine. Sisemi kwamba mikutano ile haikuwa na maana. Wananchi walisema, yaliandikwa, na mengine yalisikilizwa. Nasema tu kuwa ni vigumu kumshauri mwenye nyumba juu ya ramani wakati paa limekwisha ezekwa.

Kosa la pili ni la muda, na kwangu hili ndilo lililomuumiza mwananchi kuliko yote. Mradi ukija, wathamini hupita shamba kwa shamba wakihesabu migomba, mibuni, nyumba na makaburi. Siku ya mwisho ya kuhesabu ikishapita, lolote utakalopanda au kujenga juu ya mkuza wa bomba halimo katika hesabu. Kwa maneno mengine, maisha ya mwenye shamba yanasimamishwa. Hapandi kahawa, kwa sababu kahawa ni ya miaka. Hajengi chumba cha mtoto aliyekua. Hata benki haina hamu na ardhi yake.

Mali za wengi kati ya watu zaidi ya 3,600 waliopitiwa na bomba la mafuta nchini Uganda zilihesabiwa mwaka 2018 na 2019. Wengi wao walisubiri hadi 2021, 2022 na hata zaidi ndipo waone fedha. Ni kweli kuwa nyongeza ya usumbufu ilitolewa, na waliopoteza makazi wakachagua nyumba walijengewa. Hayo tuyakubali. Lakini nyongeza ya fedha hairudishi misimu mitatu ya mvua. Mtoto aliyetakiwa kulipiwa karo mwaka 2020 kwa kahawa ambayo haikupandwa, karo hiyo hailipiki tena mwaka 2022.

Wala si jambo geni. Eneo la kiwanda cha kusafisha mafuta pale Kabaale lilichukuliwa kuanzia mwaka 2012, likiwagusa watu 7,118 katika vijiji 13. Familia zilizochagua kupewa nyumba na ardhi badala ya fedha taslimu zilikaa miaka zikisubiri kabla ya kuhamia Kyakaboga. Kwa hiyo tulikuwa na funzo mkononi kabla ya bomba la mafuta, nalo tulilibeba bila kulisoma.

Katiba yetu haina shaka juu ya jambo hili. Ibara ya 26 inasema mali ya mtu isitwaliwe kabla hajalipwa fidia ya haki, ya kutosha na bila kuchelewa. Mwaka 2015, Mahakama ya Juu ilikazia hilo katika kesi iliyohusu ardhi ya barabara: kwanza lipa, ndipo uchukue. Ila kuna ujanja mdogo ambao sheria bado haijauziba. Kampuni haijachukua ardhi, lakini imekwisha ifunga. Mwenye ardhi anaishi juu yake kama mgeni, na hakuna kifungu kinachosema kifungo hicho kisizidi miezi mingapi.

Tuje kwenye mazingira yenyewe. Gesi na mafuta ni ndugu wenye tabia tofauti. Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta na lazima yapashwe moto njia nzima ili yatiririke. Yakivuja, huchafua udongo na maji, na uchafu hukaa. Gesi ikivuja hupanda hewani, ikikutana na cheche hulipuka, na hata isipolipuka huongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo tathmini ya gesi haiwezi kuwa nakala ya ile ya mafuta iliyobadilishwa jina. Itabidi iseme nyumba ziwe umbali gani kutoka kwenye bomba, vituo vya kusukuma gesi viwekwe wapi, kelele zake zisikike hadi wapi, na shule ipi ihamishwe.

Ikiwa bomba hilo litaingilia upande wa Mutukula, litakutana tena na Kyotera na Rakai, wilaya zilezile zilizokwisha toa ardhi kwa bomba la mafuta. Huko kuna ardhi oevu ya Sango Bay, ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Maji ya huko ni ya Ziwa Victoria, na Ziwa Victoria ndilo linalotunywesha hapa Kampala. Kuchimba mtaro mmoja kunaumiza. Kuchimba wa pili kando ya wa kwanza, kabla udongo haujatulia, ni hesabu nyingine, na lazima mtu aifanye hesabu hiyo kwa mitaro yote miwili pamoja.

Majirani zetu wa Kenya wametufundisha kwamba athari ya bomba haiishi siku ya kufukia mtaro. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Nyumba zilikuwa zimesogea hadi juu ya mkuza wa bomba, na kila mtu alizitazama tu. Mwaka 2015 mafuta yalivuja tena na kuingia Mto Thange, kaunti ya Makueni. Wananchi wale walikwenda mahakamani, na hukumu ya fidia iliwafikia mwaka 2025. Miaka kumi! Tathmini isiyosema nani atakagua bomba mwaka wa ishirini haijamaliza kazi yake.

Tanzania nayo ina la kutuambia. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa na mali zikateketea. Wananchi wale hawakuwa wakilia juu ya vyura. Swali lao lilikuwa moja: gesi ikiondoka, sisi tunabaki na nini? Bomba lilijengwa, likakamilika mwaka 2015, kwa urefu wa kilomita 542. Lakini swali lile lingeulizwa na kujibiwa mapema, vijijini, kwa lugha ya watu, huenda damu isingemwagika. Je, mtu wa Lwengo ambaye gesi itapita chini ya shamba lake atapikia gesi hiyo, au ataendelea kutafuta kuni huku bomba likivuma chini ya miguu yake?

Najua kuna watakaosema kuwa tathmini ndefu huchelewesha maendeleo, na kwamba maswali haya ni ya Wazungu. Septemba 2022, Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta, wengi hapa Kampala tulikasirika, na tulikuwa na sababu. Nchi zilizotajirika kwa mafuta hazina uso wa kutukataza yetu. Hata hivyo, ugomvi wa Kampala na Brussels usituzibe macho. Aliyehesabiwa migomba yake akakaa miaka mitatu bila senti si Mzungu. Ni mlipa kodi wetu, tena mpiga kura.

Na ucheleweshaji ulitoka wapi? Gharama za bomba la mafuta zilikadiriwa awali kuwa dola bilioni 3.5, baadaye zikapita bilioni 5. Benki kubwa za nje zilijitenga nalo moja baada ya nyingine, na fungu la kwanza la mikopo kutoka taasisi za fedha lilipatikana Machi 2025, miaka mitatu baada ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Siyo yote yalisababishwa na manung'uniko ya vijijini, maana siasa za tabianchi nazo zimo. Lakini kila lalamiko la fidia lililoachwa bila jibu lilikuwa kuni katika moto wa wapinzani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo naiomba serikali, na hasa wizara ya nishati na NEMA, mambo matatu kabla ya hatua yoyote ya sherehe.

Kwanza, tathmini ifanywe wakati njia bado ni zaidi ya moja. Ilinganishe njia hizo kwa uwazi, tena ilinganishe bomba lenyewe na gesi ya mitungi, na umeme wa Karuma ambao tayari tunao. Bomba likishinda ushindani huo, litakuwa na heshima.

Pili, sheria iweke kikomo. Tangu siku ya mwisho ya kuhesabu mali hadi fidia kulipwa, isizidi miezi kumi na miwili. Ikizidi, hesabu ya zamani ife, wathamini warudi na kuanza upya kwa bei za siku hiyo. Na malipo yasipite mkononi mwa mume peke yake. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mke ardhi ya familia inapouzwa, na fidia nayo ifuate moyo huohuo.

Tatu, ahadi za tathmini zibandikwe kijijini. Kila mwenyekiti wa LC1 awe na karatasi kwa Luganda, Runyoro au Kiswahili, ikieleza nini kiliahidiwa kwa kijiji chake, na kila mwaka isomwe hadharani kipi kimetimizwa. Kitabu cha kurasa maelfu kwa Kiingereza, kikiwa kabatini Kampala, hakimlindi mtu wa Sembabule.

Mawe ya msingi ni rahisi kuweka. Yanahitaji saruji kidogo, turubai na msafara wa magari. Mwenye shamba wa Rakai na Kyotera amekwisha liona bomba moja likipita. La pili likija, na limkute ameulizwa, amejibu, na amelipwa.