Michezo shuleni isiwe ya kudhihaki makabila

Natoa maoni yangu kuhusu michezo ya kuigiza inayofanywa na watoto wa shule za msingi, hasa siku za mahafali na siku wanapokuja wageni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Kilwa, na jambo hili nimelitazama kwa miaka kadhaa sasa.

Kila msomaji amekwisha kuuona mchezo ninaousema. Anatoka mtoto mmoja amejifunga shuka jekundu begani, ameshika fimbo, anasema Kiswahili cha kuvunjikavunjika, simu haijui wala choo hakijui, na watu wanacheka. Anatoka wa pili, huyo ni Mchaga, na kazi yake ni kuhesabu fedha tu. Wa tatu ni Mhaya wa kujigamba kwa Kiingereza. Mgeni rasmi (ambaye amechelewa saa tatu na watoto wamemngoja juani) anacheka mpaka anafuta machozi, anatoa noti ya elfu kumi, na mshereheshaji anatangaza kwamba watoto wetu wameonyesha utajiri wa makabila ya Tanzania. Kwa maoni yangu hawakuonyesha utajiri wowote. Wamerudia vichekesho walivyoviona katika televisheni na katika simu za wazazi wao.

Jambo hili lingekuwa dogo kama makabila hayo yangekuwa mbali nasi. Lakini huku kwetu hali imebadilika. Wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 ili kunusuru maji ya mto Ruaha Mkuu, wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Hivyo katika vijiji vya Kilwa, ambako Wamatumbi, Wangindo na Wamachinga wamelima tangu enzi za mababu, darasa moja lina mtoto wa mkulima wa ufuta pamoja na mtoto wa Msukuma, Mbarbaig au Mmaasai mwenye ng'ombe. Wazazi wao wanakutana katika ofisi ya kijiji kwa kesi za mifugo iliyoingia shambani. Watoto wao wanakutana katika dawati moja.

Tusisahau yaliyotokea wilayani Kilosa Desemba 2000, ambapo wakulima na wafugaji walipigana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba balaa lile lililetwa na mchezo wa shule. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, malisho na maji. Nasema kwamba mtu aliyezoezwa tangu darasa la pili kumwona mwenzake kuwa ni kichekesho, siku ugomvi wa shamba utakapofika hatakuwa na kitu cha kumzuia mkono.

Najua wapo watakaonijibu kwamba huo ni utani tu, na kwamba utani ni mila yetu. Ndugu Mhariri, utani ninaujua, na huo si utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani, na utani huo una masharti. Mtani anakusema uso kwa uso, nawe una haki ya kumrudishia hapo hapo. Tena siku ya msiba mtani huyo huyo anafika na kufanya kazi ambazo wenye msiba hawawezi kuzifanya. Sasa katika mchezo wetu wa mahafali nani anamrudishia nani? Mtoto wa Kimaasai amekaa katikati ya wenzake akitazama vidole vyake vya miguu. Hapewi nafasi ya kujibu, na baba yake hakualikwa.

Na hapo ndipo mchezo wa jukwaani unapoweza kuishinda televisheni. Mchekeshaji wa televisheni hamwoni anayemcheka. Lakini mchezo wa shuleni unafanyika chini ya mwembe, na yule anayeigizwa anaweza kuwa amekaa hatua tano tu mbele yako. Tukimweka pale kwa makusudi, mtoto anayeigiza atalazimika kwanza kwenda kuuliza, maana akikosea atasahihishwa mbele ya watu.

Katika darasa langu tumejaribu njia hii. Mtoto wa mkulima anapewa nafasi ya mfugaji, na mtoto wa mfugaji anapewa nafasi ya mkulima. Kabla ya mazoezi kila mmoja anakwenda nyumbani kwa mwenzake, au anamwalika mzazi wa mwenzake shuleni, na kuuliza maswali. Waliokwenda kwa wafugaji walirudi wakishangaa kwamba mzee hahesabu ng'ombe kama tunavyohesabu sisi ubaoni, bali anamjua kila mmoja kwa rangi na jina, na akipungua mmoja anamtaja. Mtoto wa Kisukuma aliyekwenda kwa mkulima alilala na wenyeji juu ya dungu wakilinda nguruwe, akarudi akisema kumbe mkulima naye halali. Aidha waligundua kwamba Msukuma si mfugaji tu, bali ni mkulima hodari wa pamba, na ngoma yake ya bugobogobo huchezwa kwa majembe. Wakaomba kuicheza, na majembe ya shule, ambayo kwa kawaida huonekana siku za adhabu, yakapata kazi ya heshima.

Jambo lililowagusa zaidi lilikuwa la jina. Huku wote tunasema Mang'ati. Watoto walipouliza, waliambiwa kwamba hilo si jina lao. Ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui, na wenyewe ni Wabarbaig, katika jamii ya Wadatoga. Tangu siku hiyo darasani mwangu hakuna anayemwita mwenzake adui, walau nikiwapo.

Mchezo wenyewe hauna mwisho ulioandikwa. Ng'ombe wanapoingia katika ufuta tunasimamisha, kisha tunawauliza watazamaji: sasa ifanyike nini? Anayetaka anasimama, anachukua nafasi ya mchezaji na kuonyesha. Njia hii si yangu. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Profesa Penina Mlama, waliitumia vijijini tangu miaka ya 1980, na tangu 1996 mpango wa Tuseme uliitumia kuwapa wasichana wa sekondari sauti ya kueleza matatizo yao. Sisi wa shule za msingi tumeachiwa kuburudisha wageni.

Baadhi ya walimu wenzangu wanaona kwamba kuzungumzia makabila darasani ni kurudisha ukabila. Hofu hiyo naiheshimu, kwani taifa hili lilijengwa kwa kukataa kugawanywa, na hata sensa ya 2022 haikumwuliza mtu kabila lake. Lakini nyamaza yetu haijawafanya watoto wanyamaze. Kisimani, njiani na katika mpira makabila yanatajwa kutwa, tena kwa matusi. Mwalimu akikaa kando, kazi hiyo inafanywa na wasiojua. Hata Vita vya Maji Maji, ambavyo vilianzia Nandete wilayani humu Julai 1905, tunavifundisha kana kwamba Wamatumbi, Wangindo na Wangoni waliamka siku moja wakawa kitu kimoja. Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, alionyesha kwamba umoja ule ulikuwa kazi ngumu. Nimeona katika shule moja mtoto wa Kisukuma akinyimwa nafasi ya Kinjeketile eti kwa kuwa si mwenyeji. Huo ndio ukabila, nao haukuletwa na somo.

Mtaala ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo, nami naupongeza. Tatizo ni kwamba walimu wengi tulipitia vyuo ambako kuigiza kulikuwa mbinu moja kati ya nyingi, ikapita kwa wiki moja. Kitabu kinasema watoto waigize. Hakimwambii mwalimu mwenye wanafunzi tisini afanye nini wakianza kumcheka mmoja wao. Naiomba Wizara na Taasisi ya Elimu watupatie semina ngazi ya kata, zifundishwe kwa kuigiza kweli na si kwa kusomewa karatasi. Fedha nyingi hazihitajiki, kwani jukwaa ni kivuli cha mti na mavazi yako nyumbani kwa wazazi.

Na kwa walimu wakuu ambao shule zao zimo katika mazoezi ya mahafali, naomba waukague mchezo mapema na kuuliza swali moja: mzazi wa kabila linaloigizwa amealikwa, na atakaa kiti cha mbele?

Mwalimu wa Kijijini,
Kilwa.