DRC: Intaneti ikikatwa, Lubumbashi itaongea kwa njia gani?

Kuanzia Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, wakaaji wa Lubumbashi, sawa na Wakongomani wengine, waliishi karibu wiki tatu bila intaneti wala ujumbe mfupi wa simu. Vikundi vya WhatsApp, ambamo familia, wafanyabiashara na wanafunzi hupashana habari, vilinyamaza vyote kwa pamoja. Goma, wengine waliokolewa na laini za Rwanda. Lubumbashi, mpaka wa karibu ni Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 90.

Lakini simu za kawaida ziliendelea kulia. Na ni simu za kawaida zilizobeba vikundi vya kwanza vya majadiliano katika eneo hili. Miaka ya 1990, huko Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kompyuta zilikusanya barua pepe, kisha zikapigiana simu na ng'ambo kwa dakika chache kupitia mfumo wa FidoNet. Mtu alijiunga na kikundi kwa kutuma barua, akapokea maoni ya wenzake katika sanduku lake, akayasoma bila kuunganishwa.

Njia hiyo ilikuwa ya polepole, ila haikudai intaneti ya kila saa. Leo mazungumzo mengi yanapita kwa kampuni chache za simu, na amri moja inatosha kuyazima. Anayetegemea kikundi kimoja tu aandike mapema namba za watu wake kwenye karatasi.