STAA KAMCHAFUA FUNDI KISA REDIO KUKOROMA, KUMBE TATIZO NI DISHI LAKE MWENYEWE!

Haya sasa, wale wa mjini video mmeiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, yule wa mjengo mpya pande za Mbezi Beach, kasimama sebuleni kwake simu mkononi, povu linamtoka. Nyuma yake risiva ya muziki inawaka taa za bluu, pembeni spika mbili ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Na sauti inasikika kabisa: mmmmmmmm. Hakuna wimbo, hakuna biti, ni mvumo tu kama jenereta la jirani.

Mshua akamchana fundi laivu. Akamwita kishoka, akamwita tapeli, akaonyesha mpaka kibanda chake pale Kariakoo kilipo ili watu wasiende. Kosa la kijana? Alipelekewa ile risiva ina upande mmoja haulii. Akaitengeneza, ikalia pande zote mbili mbele ya dereva wa staa, ikarudi nyumbani. Usiku uleule ikaanza kukoroma. Basi, kesi ikaisha hapohapo: fundi kaharibu.

Ndani ya siku mbili kibanda kikakauka. Waliokuwa wameacha sabufa zao wakaja kuzichukua hata hazijafunguliwa. Kijana ana mke na mtoto mchanga, na kodi ya fremu haisubiri staa atulize hasira.

Sasa sikilizeni kitu ambacho video haikusema. Siku ileile risiva inarudi, kwenye mjengo lilifungwa dishi jipya juu ya paa. King'amuzi kikaunganishwa na risiva kwa nyaya za RCA, zile za nyekundu na nyeupe, ili mechi ya usiku isikike kama uwanjani. Yaani vitu viwili vimebadilika siku moja, staa kamkamata mmoja tu. Yule asiye na wafuasi.

Kijana alirudi Mbezi kwa miguu yake, na matusi yote yale. Hakufungua hata skrubu moja ya risiva. Alichomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, sebule ikanyamaza kimya. Akarudisha, mmmmm. Akachomoa, kimya. Dakika tano hazikufika.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Umeme wa Bongo ni volti 230 na unapiga mara 50 kwa sekunde. Huo mvumo mzito mnaousikia ndio hizo 50 zenyewe, au 100 ikitokea pawasaplai imechoka. Risiva ya staa ina plagi ya pini tatu, kwa hiyo imeshika ardhini kupitia waya wa arthi. Dishi nalo limeshika ardhini kivyake, kupitia bomba la chuma na paa. Njia mbili za kwenda ardhini, na hazilingani. Umeme kidogo ukaanza kuzunguka kati yake kupitia ganda la waya wa sauti, risiva ikaukuza kama inavyokuza wimbo. Hakuna kilichoungua. Risiva nzima, king'amuzi kizima, fundi mzima.

Dawa? Kijana alitoa zile RCA, akapeleka sauti kutoka kwenye tivii mpaka kwenye risiva kwa kebo ya mwanga, ile mafundi wanaiita optiko. Mwanga haubebi umeme, mzunguko ukakatika, habari ikaisha.

Na staa kafanyaje? Kafuta video kimyakimya. Hakuna samahani, hakuna hata kijistori cha saa 24. Kumchafua mtu ilikuwa mbele ya watu wote, kumsafisha imekuwa siri ya sebuleni.

Lakini msimpige mawe yeye peke yake. Kwenye ile video mtu wa pili mwenye makosa ni mjuaji mmoja, ana wafuasi kibao, maarufu kwa kufundisha maisha. Aliandika hivi kwa kifupi: kata waya wa kijani na njano kwenye plagi, mvumo unaisha. Akapigiwa makofi na maelfu ya mioyo. Ubaya ni kwamba mvumo kweli unaisha! Ndiyo maana uongo huu haufi. Ukikata arthi unakata ule mzunguko, redio inanyamaza, mjuaji anaonekana profesa.

Kilichokatwa ni kitu gani? Huo waya haukuwekwa kwa ajili ya muziki. Umewekwa siku ambayo waya wa moto ndani ya boksi utachubuka na kugusa bati la nje. Arthi ikiwepo, umeme unakimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi inakatika au swichi ya ukutani inajizima. Arthi ikikatwa, bati linakaa na volti 230 limetulia, linasubiri mkono. Na nyumbani mkono wa kwanza kugusa redio ni wa nani? Wa mtoto anayetaka katuni. Wa dada wa kazi anayefuta vumbi na kitambaa kibichi. Mioyo ya kwenye simu haitamwamsha mtu.

Kuna vifaa vilivyotengenezwa bila arthi tangu kiwandani, vina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kwenye lebo. Hivyo viko sawa. Kifaa kilichokuja na arthi kibaki na arthi, mjadala umefungwa. Na ule mchezo wa kuchokonoa soketi kwa kalamu ya biki ili plagi ya pini mbili iingie, nao uishe.

Kabla mtu hajamwita fundi kishoka, kuna vipimo vya bure ambavyo hata form four wa jana anaviweza.

Kwanza, mvumo unatoka wapi? Ukitoka kwenye boksi lenyewe na siyo kwenye spika, hiyo ni transfoma inatetemeka. Wewe sogeza sikio tu, usifungue.

Pili, shusha sauti mpaka sifuri. Mvumo ukipungua na kufa, mara nyingi unaingia kutoka nje, kwenye vifaa au nyaya zinazoleta sauti. Ukibaki vilevile, hapo mshukiwa ni amplifaya yenyewe, hasa kapasita za pawasaplai zilizozeeka. Hiyo ni kazi ya fundi, maana kapasita inaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Tatu, zima, chomoa vyote vinavyoleta sauti, ziache spika peke yake, washa. Kimya? Safi. Sasa rudisha kimoja kimoja, kila ukirudisha zima kwanza. Kitakachokuja na mvumo ndicho mwizi. Kama ni laptopu, toa chaja, itumie kwa betri. Mvumo ukiondoka na chaja, jibu umelipata. Kama ni waya wa RCA, badilisha, kwa sababu ganda lake likikatika ndani unavuma balaa hata kwa nje ukiwa mpya. Kama ni meza ya santuri ya babu, angalia kale kawaya kembamba kama kamefungwa kwenye skrubu ya nyuma iliyoandikwa GND.

Nne, angalia nyuma ya kabati. Waya wa umeme na waya wa sauti wamelala kitanda kimoja? Watenganishe. Tivii imechomekwa ukuta huu na risiva ukuta ule? Jaribu zote kwenye ekstensheni moja yenye arthi. Kuna taa ya kupunguza mwanga? Izime usikilize.

Vipimo vyote hivyo havina hata shilingi. Staa angevifanya asubuhi moja, kijana wa watu asingelala njaa.

Wapo watakaosema mafundi nao wezi. Kweli, wapo. Kuna wanaokutolea kifaa kizima wanakuwekea kibovu, kuna wanaosema redio imekufa ili wakuuzie mpya ya shemeji yao. Lakini kinga ya fundi mwizi ni hizo hatua nne, siyo video. Mteja anayefika na maneno kuwa "inavuma king'amuzi kikichomekwa tu, kikitoka kimya" hapigwi kirahisi. Mteja anayefika na "inakoroma" na pochi nene, huyo ndiye chakula.

Staa ana deni. Alimtangaza kijana kwa sura na kwa kibanda, amsafishe kwa sura na kwa kibanda, palepale, kwa urefu uleule wa video. Na mjuaji wa waya wa kijani afute alichoandika, aeleze kwa nini kafuta, kabla hajaja kutoa rambirambi kwenye msiba aliousababisha.

Haya wadau, staa aombe radhi au yaishe tu? Na nani hapa alishakata arthi? Dondosha komenti hapo chini, matusi hayapiti.