Misheni Kongwe Kuwa Shule: Jibu kwa Wanaopinga

Wanaodai kwamba kuhamishia shule katika majengo ya kanisa kongwe yaliyokarabatiwa ni kuunajisi urithi wanasahau kuwa misheni, yaani kituo cha wamisionari, ilikuwa darasa tangu mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa Nassa, nchini Tanzania, kituo ambacho Waanglikana waliikabidhi Africa Inland Mission mwaka 1909. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, mengine yakisubiri tamko la Waziri, hivyo jengo lisilotumika hukosa hata wa kuziba paa linapovuja. Kinachostahili kubishaniwa ni umiliki, kwa kuwa utaifishaji wa shule za makanisa baada ya 1969 uliacha majeraha ambayo mkataba ulioandikwa vema ungeyaepusha.