Tumhoji Mshauri Kabla ya Kumkabidhi Kiinua Mgongo

Ndugu zangu watumishi, wastaafu na wanachama wa vicoba na SACCOS,

Mtu akistaafu, habari hazichelewi kusambaa. Mafao ya mkupuo hayajatulia benki, simu zimeshaanza: kuna anayeuza bima, kuna dalali wa viwanja, kuna wa sarafu za mtandaoni, na kuna tapeli kabisa. Wote wanajiita washauri wa fedha. Nawaombeni jambo moja: tusimwache mwenzetu hata mmoja akae peke yake mbele ya watu hawa. Tuwahoji pamoja.

Yaliyotupata tunayajua. Taasisi ya DECI hapa Tanzania iliwaambia watu wapande mbegu, yaani watoe fedha, wasubiri kidogo, kisha wavune. Hapakuwa na shamba wala biashara. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyemfuata. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, wengi walibaki na risiti mikononi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Waliopoteza fedha zao hawakuwa wajinga. Waliitwa na ndugu zao, waumini wenzao na wafanyakazi wenzao, wakaenda kwa sababu wanaaminiana. Leo mchezo huo umehamia kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, na bado unaingia kwa mlango ule ule wa kuaminiana.

Hesabu peke yake ingetosha kutuzindua. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25, iliyoanza kuuzwa na Benki Kuu mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Ukiweka milioni 10, unapata shilingi 1,595,000 kwa mwaka. Sasa anakuja mtu na ahadi ya asilimia 30 kwa mwezi. Milioni 10 hizo hizo, faida ikirudishwa kwenye mtaji kila mwezi, baada ya mwaka zingezidi milioni 230. Hakuna duka, shamba wala mgodi unaoweza kumlipa kila mtu namna hiyo. Anayetoa ahadi hiyo anatafuta wa kumlipia aliyetangulia.

Lakini tusidhani hatari ni utapeli tu. Wakala wa bima mwenye kibali halali hulipwa kamisheni na kampuni. Ofisa mauzo wa benki ana malengo ya mwezi ya kutimiza. Hawa si wezi, ni wauzaji, na muuzaji hawezi kukwambia kwamba bidhaa inayokufaa iko kwa jirani yake. Bima ya akiba ya miaka 10 inaweza kumfaa kijana mwenye mshahara. Mstaafu akiuziwa hiyo hiyo, kisha akashindwa kulipa michango na kuivunja mwaka wa pili, anaweza kurudishiwa pungufu ya alichotoa au akose kabisa. Mshauri huru hulipwa na wewe, kwa ada mliyokubaliana mapema, na hapati chochote kwa kukuuzia bidhaa ya mtu. Wengi wanaotupigia simu si wa aina hiyo, na ni haki yetu kulijua hilo kabla ya kusaini.

Kwa hiyo kila anayekuja ajibu maswali manne, kwa maandishi.

Kwanza, leseni yako imetolewa na nani? Anayeshauri kuhusu hisa, hatifungani na mifuko ya uwekezaji anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Wa bima yuko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Anayepokea amana kutoka kwa umma lazima aruhusiwe na Benki Kuu. Cheti cha wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na namba ya mlipakodi, TIN, vinaonyesha tu kwamba biashara imesajiliwa. Havimpi mtu ruhusa ya kushika fedha za watu wala kuwashauri namna ya kuziwekeza.

Pili, nani anakulipa, na kiasi gani?

Tatu, fedha yangu inaingia akaunti ya nani? Ukinunua hatifungani, zinawekwa kwenye akaunti ya kuhifadhi dhamana, CDS, yenye jina lako. Vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS navyo huandikwa kwa jina lako. Anayetaka utume kwenye namba yake ya simu, mazungumzo yaishie hapo.

Nne, nikitaka kutoka kabla ya muda, napoteza nini?

Tunaponunua kiwanja huwa tunaita majirani, tunapita ofisi ya serikali ya mtaa na tunasaini mbele ya mashahidi. Jasho la miaka 30 linastahili ulinzi huo huo. Kila kikundi kichague watu watatu wa kuhakiki leseni kwa mamlaka husika na kusoma mkataba pamoja na mwenye fedha. Mwanachama asisaini siku ile ile aliyoletewa karatasi. Anayesema nafasi inafungwa leo, aambiwe na ifungwe.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina kazi. Katika semina za wastaafu watarajiwa, kila mtoa mada aanze kwa kutaja anayemlipa, na awepo angalau mmoja asiye na cha kuuza. Mamlaka zetu tuziombe kwa sauti moja: mkataba uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kamisheni ionekane ukurasa wa kwanza.

Na tumwondolee aibu aliyeumizwa. Mtu akitapeliwa anaficha, kwa kuogopa kuchekwa na wanawe, na ukimya wake unampa tapeli nafasi ya kuhamia mtaa wa pili. Tumsikilize, tumsindikize polisi, tutoe taarifa kwa mamlaka, na tuwaonye wengine siku hiyo hiyo.

Kikao chenu kijacho kiwe na ajenda hii. Andikeni maswali manne kwenye daftari la kikundi, chagueni wahakiki wenu watatu, kisha mtafuteni kila anayestaafu mwaka huu mumweleze kwamba hatakaa mezani peke yake. Tusisubiri fedha zipotee ndipo tukutane.